Neno "time" na jamaa zake wa Kiswahili

Nililetewa kikaratasi cha maelekezo ya dawa ya shinikizo la damu nikipitie kabla hakijaenda kupigwa chapa. Aliyekitafsiri anakijua Kiingereza, na Kiswahili chake hakina kasoro ukimsikia akizungumza. Lakini sentensi ya nne ilisema hivi: "Meza kidonge kwa muda uleule kila siku." Ikafuata hii: "Ukisahau, muda ujao usimeze vidonge viwili." Kisha: "Usikae bila dawa kwa wakati mrefu." Na kwenye mfano wa ratiba, chini kabisa, iliandikwa "saa 8:00 asubuhi."

Muda uleule ni urefu uleule. Kama jana ulitumia dakika moja kumeza kidonge, basi leo nayo iwe dakika moja. Ndicho sentensi ile inachosema. Saa nane asubuhi haipo kabisa, kwa sababu saa nane ni ya mchana au ni ya usiku wa manane. Nikaomba nione Kiingereza chenyewe. Katika zile sentensi tatu, mahali palipoandikwa "muda", "muda" na "wakati" palikuwa na neno lilelile moja, "time". Mtafsiri aliliona neno moja, akatafuta neno moja la kulijibu, akawa anabahatisha kati ya mawili aliyoyakumbuka haraka.

Sikumlaumu, kwani neno hili limewashinda wengi. Mwaka 2006 watunzi wa kamusi za Oxford walitoa orodha ya nomino zinazotumika zaidi katika Kiingereza, na "time" ikashika nafasi ya kwanza. Neno lililofuata lilikuwa la mtu, la tatu mwaka, la nne njia, la tano siku. Katika tano bora, tatu zinahusu jambo hilihili. Neno linalotumika kiasi hicho hubebeshwa mizigo mingi, na Mwingereza haoni shida kwa sababu sentensi nzima humsaidia kujua ni mzigo upi unaotajwa. Sisi hatukuipanga lugha yetu hivyo. Kila mzigo tuliupa mbebaji wake.

Hata Kiingereza chenyewe kiliwahi kuwa na mawili. Neno "tide", ambalo leo ni maji ya bahari kujaa na kupwa, zamani lilikuwa na maana ya wakati, na lina asili moja na "time". Bahari ikalichukua lile moja, lile jingine likabaki kubeba yote.

Tuanze na muda na wakati, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Yote mawili yametoka Kiarabu, lakini yameingia Kiswahili kwa milango tofauti. Wakati limezama zaidi katika sarufi yetu: masikio ya Waswahili yalisikia sauti ya mwanzo kama ile ya wimbo, wavu na wayo, basi wingi wake ukawa nyakati, kama nyimbo, nyavu na nyayo. Waraka na nyaraka zilipita njia hiyohiyo. Muda lilibaki vilevile. Tunasema muda mrefu, na hata ikiwa miwili hatusemi "mida miwili". Vijana wa Dar es Salaam hata hivyo wamelipatia wingi wake wa mtaani, "mida", kama katika "mida ya jioni" au "tutaonana mida", na tazama walivyofanya: mara tu walipolitia katika wingi, maana ilihama kutoka urefu ikawa mahali fulani katika siku. Mida ya jioni si urefu wa jioni. Sarufi ya mtaani nayo ina akili zake.

Njia rahisi ya kuyatenganisha ni kuangalia vitenzi vinavyoyazunguka. Wakati hufika, huwadia, hutimia, hupita. Muda huisha, huyoyoma, huongezwa, hupunguzwa, huombwa, hupotezwa. Wakati unaujia, au wenyewe unakujia, muda unautumia. Mtu akikuambia "muda umewadia" utamwelewa, lakini sikio linajikwaa kidogo, kwa sababu kitu chenye urefu hakiwadii. Katika Injili ya Marko, Yesu anapoanza kuhubiri Galilaya, Biblia ya Kiswahili inasema "Wakati umetimia." Kigiriki kilikuwa na maneno mawili ya jambo hili: moja la muda unaohesabika na jingine la wakati uliokusudiwa, na hapo liliandikwa lile la pili. Kiingereza kikayamimina yote katika chungu kimoja. Kiswahili, bila kupanga, kikaweza kurudisha tofauti ile ya Kigiriki ambayo Kiingereza kiliipoteza.

Ukitaka kuona tofauti hii inavyouma, linganisha "kwa muda" na "kwa wakati". Ofisi ikikuandikia kwamba utalipwa kwa wakati, furahi: mshahara utafika siku yake. Ikikuandikia kwamba utalipwa kwa muda, anza kutafuta kazi nyingine, maana malipo ni ya kipindi tu kisha yatakoma. Mfanyakazi wa muda ni yule ambaye mkataba wake una mwisho wa karibu. Mfanyakazi anayefika kwa wakati ni yule asiyechelewa. Herufi chache tu zinatenganisha kibarua na mtu makini.

Siku hizi muda linalila wakati taratibu. Nasikia "muda huu nipo njiani", "muda wowote karibu", "muda wa chakula umefika", hata "muda sasa ni saa tatu na robo". Sipendekezi tuwakamate watu mitaani. Ila mwandishi anayejali asikubali kupoteza pacha mmoja kwa sababu tu mwenzake anatamkika haraka. Na ile "asante kwa muda wako" inayomalizia barua pepe zetu ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mtu aliyekupokea, akakusikiliza, akaacha shughuli zake, unamshukuru kwa kukupa nafasi, au unasema "nashukuru kwa kunisikiliza". Muda wake hukuondoka nao.

Nafasi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Asili yake ni neno la Kiarabu la pumzi, na katika Kiswahili imekuwa upenyo wa kila aina: nafasi katika daladala, nafasi ya kazi, nafasi ya tatu katika mbio, na nafasi ya kukaa tuzungumze. Mtu akisema "sina nafasi" anasema amebanwa. Wasaa ni ndugu yake, nao unatoka katika mzizi wa upana. Mzee wa pwani akikuambia "nikipata wasaa nitapita" amekuahidi kwa adabu bila kujifunga. Faragha nayo, ambayo leo wengi tunaijua kama upweke wa kutosikiwa na watu, ina maana kongwe zaidi, ile ya kuwa huru na shughuli, na asili yake ni utupu. Kwa hiyo Mwingereza anayesema hana "time" anazungumza kama aliyeishiwa na kitu mfukoni, ila Mswahili anazungumza kama mtu aliyekaa mahali finyu. Ni picha mbili tofauti za dhiki ileile. Ukimtafsiri mmoja kwa maneno ya mwingine, unaibadilisha dhiki yenyewe.

Saa ndiyo inayoleta hatari ya kweli, kama kile kikaratasi kilivyotaka kufanya. Neno hilo moja ni chombo cha mkononi, ni kipimo cha dakika 60, na ni jina la mahali katika siku. Hayo si mazito. Uzito uko kwenye kuhesabu. Karibu na ikweta mchana na usiku hukaribiana urefu mwaka mzima, kiasi cha saa 12 kila mmoja, na Mswahili akaanza kuhesabu pale nuru inapoanza. Jua likishatoka, saa ya kwanza ikapita, hiyo ni saa moja asubuhi. Wahabeshi nao huhesabu hivyohivyo. Ndiyo maana mshale unaonyesha 8 na mtu anasoma "saa mbili" bila hata kufikiri. Tumezoea kuishi na tarakimu zinazosema jambo moja na kinywa kinachosema jingine, tofauti ya saa sita, na kwa kawaida hatukosei.

Hukosea tarakimu zinapoandikwa pamoja na neno "saa". Ukiandika "8:00" peke yake, msomaji ataisoma kama anavyoisoma simu yake. Ukiandika "saa 8:00", umemwita Mswahili ahesabu kwa Kiswahili, naye atakwenda mchana. Neno "asubuhi" likimfuata, anabaki njia panda. Kwa kitu chochote chenye madhara, yaani dawa, mtihani, usafiri wa meli au kesi mahakamani, andika kwa maneno: saa mbili asubuhi. Ukiweza, weka na tarakimu za simu pembeni, ili macho na masikio yakubaliane.

Usiku una fundo lake. Kwa desturi ya Waswahili, iliyoshikana na kalenda ya Kiislamu, siku mpya huanza jua linapotua. Kwa hesabu hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi magharibi. Kwa kijana aliyelelewa na kalenda ya ukutani, usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Ijumaa jioni. Wawili hao wakialikana harusini, mmoja atafika na kukuta viti vimeshakusanywa. Waandishi wa magazeti walilifungua fundo hili kwa ufundi ninaouheshimu sana: "usiku wa kuamkia Ijumaa." Kitenzi kimoja, kuamka, kikamaliza ugomvi wa kalenda mbili.

Waandishi haohao wana mazoea mengine, hasa katika taarifa za polisi: tukio lilitokea "majira ya saa tatu usiku." Maana yake ni "yapata", kwamba hakuna aliyekuwa ameshika saa mkononi. Lakini majira ni neno la hadhi kubwa kuliko kazi hii. Kitabu cha Mhubiri kinapoanza sura ya tatu, Biblia yetu inasema: "Kwa kila jambo kuna majira yake, na wakati kwa kila kusudi chini ya mbingu." Maneno mawili, kila moja mahali pake: majira ni kipindi kinachorudi, chenye tabia yake, kama mvua na jua, wakati ni ule mmoja unaolingana na kusudi. Na mabaharia walilitumia majira kwa maana ya njia ya chombo baharini, ule mwelekeo ambao nahodha anaushika. Ukiweka maana hizi pamoja unapata picha ya mwaka kama safari yenye njia yake.

Kwa watu wa jahazi picha hiyo ilikuwa maisha yenyewe. Kaskazi ikivuma, kuanzia kama Desemba, vyombo vilishuka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, kuanzia kama Aprili, vilirudi. Kati yake kuna masika, kipupwe, vuli, na yale malelezi, siku pepo zinapobadilishana. Neno msimu lilikuja na biashara hiyo, kutoka neno la Kiarabu la majira maalumu ya mwaka, na Wareno walilichukua nalo wakalifikisha Ulaya. Leo Mwingereza akisema "monsoon" anatamka jamaa wa msimu wetu. Ukimsikia mtangazaji wa mpira akisema "msimu huu Simba na Yanga", ujue neno hilo liliwahi kuamua kama mtu atakula au atalala njaa bandarini akingoja upepo.

Mpira nao una mafundisho yake hapa. Muda wa ziada ni dakika 30 baada ya sare katika mechi ya mtoano. Dakika za majeruhi ni zile chache mwamuzi anazoongeza mwishoni mwa kipindi. Na zipo dakika za lala salama, zile za mwisho kabisa, ambapo timu inayoongoza inaomba kipenga na inayofungwa inaomba muujiza. Mchezaji anayesubiri beki afanye kosa husemwa "amemtaimu". Lugha ya mtaani ilikopa neno zima la Kiingereza, ikatupa maana zote ikabakiza moja, ile ya kuvizia.

Mara ni fupi, lakini ina mtego wake. Katika bahasha ya dawa husomeka "kutwa mara tatu", na hakuna mgonjwa anayeikosea. Mtego uko kwenye "mara moja". Ni idadi, na ni haraka. "Ukiona dalili hizi, mwone daktari mara moja": msomaji mmoja atakimbia, mwingine atapanga siku atakayokwenda, akidhani akienda safari moja yatosha. Kwa idadi andika "mara moja tu" au "mara moja kwa siku". Kwa haraka andika "bila kuchelewa" au "papo hapo". Kila ninapokutana na "mara moja" katika maelekezo ya afya naipigia mstari mwekundu hata kabla ya kujua imekusudiwa nini.

Sasa nyakati ndefu. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao sidhani kama tunautumia ipasavyo. Zama, enzi, awamu, muhula, karne, dahari: yote Mwingereza anaweza kuyasema kwa "times" au "time". Zama ni kipindi chenye tabia yake, na hakimhitaji mtawala: zama za mawe, zama za kidijitali. "Kila zama na kitabu chake", msemo unaohusishwa sana na Rais Ali Hassan Mwinyi, ungepoteza ladha kama ungesema "kila muda na kitabu chake". Sura ya Qur'ani inayoitwa Al-Asr inaanza katika tafsiri ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani kwa "Naapa kwa Zama!" Neno la Kiarabu linaloapiwa hapo ndilo lililotupa alasiri, ile saa ya kivuli kirefu na sala yake. Mtafsiri alikuwa na neno hilo tayari mezani, lenye sauti ileile, akaliacha akachukua zama. Naona alipatia, maana Mswahili akisikia alasiri anaona jua linashuka, haoni umri wa dunia.

Enzi ina nguvu ndani yake, kwa asili kabisa, kwani mzizi wake ni utukufu na uwezo. Ndiyo iliyo katika kiti cha enzi. Kwa hiyo "enzi za Mwalimu" ni kipindi pamoja na mkono ulioshika usukani. Mtu akisema "enzi zangu nilikuwa mshambuliaji" anadai kwamba wakati huo alitawala uwanja. Awamu haina fahari hiyo, ni zamu tu iliyopangwa: Tanzania imefika awamu ya sita tangu mwaka 2021, na jedwali la madarasa lenye awamu mbili linatumia neno hilohilo bila kuona haya. Muhula ulikuja ukiwa na maana ya kupewa nafuu, siku za kuahirishiwa deni, kabla ya kuwa kipindi cha shule na cha urais. Mwanasiasa anayeomba muhula wa pili, kwa asili ya neno, anaomba aongezewe siku.

Zamani nalo lilipata umaarufu wa kipekee. Mwaka 1969 mwanateolojia Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za hoja yake kwamba wakati wa Mwafrika huelekea nyuma, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Hoja hiyo ilijadiliwa na kupingwa kwa miaka mingi. Mimi nina jibu dogo la mtu wa maneno. Hesabu siku kwa Kiswahili. Kwenda nyuma tuna jana na juzi, kisha tunaanza kuunga maneno. Kwenda mbele tuna kesho, kesho kutwa, mtondo, na mtondogoo, siku ya nne kutoka leo, ina jina lake. Lugha isiyoujali wakati ujao isingejisumbua kuipa jina siku ya nne.

Na liko neno moja lililotoroka kabisa ukoo huu. Ajali, ambayo leo ni gari kupinduka au moto kuunguza nyumba, kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, siku ya mwisho iliyoandikiwa mtu. Wazee husema ajali haina kinga, na ukisikiliza vizuri hawazungumzii breki mbovu. Wanazungumzia saa ya mtu ikifika.

Turudi kwenye kikaratasi. Niliandika: "Meza kidonge kimoja kila siku, saa ileile. Ukisahau, siku inayofuata meza kimoja tu, usimeze viwili. Usikae siku nyingi bila dawa." Kwenye mfano nikaandika "saa mbili asubuhi". Ukiangalia vizuri, kati ya maneno yote niliyoyaeleza hapa nilihitaji saa tu. Siku ikafanya kazi iliyobaki, na muda na wakati hayakuhitajika hata kidogo.

Kabla ya kukirudisha nilimsomea bibi mmoja jirani yetu ambaye anameza dawa za aina hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mwanangu, mimi saa siangalii. Nikishaswali alfajiri, nameza." Nikafikiria kumsahihisha, nikaona hakuna cha kusahihisha: hapa Dar es Salaam, kutoka Januari hadi Desemba, alfajiri haisogei hata saa nzima.